Hutaitambua kwa sura, utaitambua kwa mwendo: jibu kwa mwalimu wa Babati anayeitafuta Vesta

Swali: "Mimi ni mwalimu wa fizikia huku Babati. Marehemu mjomba aliniachia darubini ya macho mawili iliyoandikwa 10x50. Nilisoma kwamba asteroidi Vesta, mwamba unaolizunguka Jua, huonekana kwa darubini ya aina hiyo, nikaitafuta usiku tatu mfululizo, tarehe 10, 11 na 12 Mei 2025, nikifuata ramani ya kwenye simu. Nilichoona ni nukta chache, zote zinafanana. Nitajuaje ipi ni asteroidi na ipi ni nyota? Je, kweli mtu anaweza kuifuatilia kwa kifaa cha mkononi, au niwaambie wanafunzi wangu kwamba hiyo ni kazi ya wenye mitambo mikubwa? Halafu wameniuliza kama ipo yoyote yenye jina la kwetu."

Mwalimu, pole kwa shingo kuuma usiku zote hizo. Inawezekana, na darubini uliyoachiwa na mjomba, inayokuza mara 10 kwa lenzi za milimita 50, inatosha kabisa. Kilichokukwamisha ni mambo mawili: tarehe ulizochagua na namna ulivyotafuta. La tarehe nitalimaliza upesi, la pili ndilo nitakalokaa nalo.

Vesta ilikuwa mkabala na Jua tarehe 2 Mei 2025. Maana yake ni kwamba Dunia ilikuwa katikati, Jua upande huu na Vesta upande ule, hivyo Vesta ilichomoza Jua lilipozama na kukesha angani hadi alfajiri. Siku hizo ilifika magnitudi 5.7 hivi. Katika kipimo hiki namba ikiwa ndogo mwanga ni mkubwa, na jicho zima penye giza la kweli huishia karibu na 6. Wewe ulianza siku nane baadaye, na hilo peke yake si kosa, kwa sababu Vesta haififii kwa haraka kiasi hicho. Kilichokuangusha ni Mwezi. Tarehe 12 Mei ulikuwa mpevu, na usiku zako zote tatu ulikuwa ukipita eneo lilelile la anga, kundi la nyota la Mizani na jirani zake, ambako Vesta ilikuwa. Mbalamwezi ya namna ile hufuta nyota hafifu kama maji yanavyofuta chaki. Ndiyo maana unasema uliona nukta chache. Zile nyingine zilikuwapo, zilimezwa tu.

Sasa tuje kwenye swali lako lenyewe: ipi ni ipi?

Jibu ni kwamba kwa kuitazama tu, huwezi kujua. Wala mimi siwezi, wala mwenye darubini kubwa uani kwake hawezi. Vesta ina upana wa kilomita 525 hivi, zaidi ya safari ya barabara kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, lakini hata inapotukaribia sana iko umbali wa kilomita milioni 170. Kwa umbali huo inabaki nukta. Jina lenyewe la asteroidi linakiri hivyo: mwaka 1802 mwanaanga William Herschel alipotafuta neno la kuviita viumbe hivi vipya vya angani, alichukua la Kigiriki lenye maana ya "mfano wa nyota". Kwa hiyo usiitafute kwa sura. Itafute kwa mwendo. Nyota zinakaa palepale zikilinganishwa na wenzake, lakini Vesta inahama. Na ili uone kitu kimehama, lazima uwe na kumbukumbu ya mahali kilipokuwa jana. Kumbukumbu hiyo si kichwa chako, ni karatasi na penseli.

Naomba unisikilize hapa, maana nililipa gharama kulijua. Juni 2018 Vesta ilifika magnitudi 5.3, ikawa inaonekana hata kwa macho matupu ukiwa mbali na taa za mji. Nilikuwa kijijini nje ya Iringa, baridi kali, nimejifunga blanketi. Vesta ilikuwa upande wa kundi la Mshale, karibu na Njia Nyeupe, mahali ambapo nyota zimejaa kama mchele kwenye ungo. Usiku wa kwanza nilichagua nukta moja iliyoendana na ramani yangu, nikaiandikia "Vesta", na kwa bahati njema nikachora na nyingine kumi na mbili zilizoizunguka. Usiku wa tatu nikachora tena. Usiku wa tano nikachora wa tatu, kisha nikaweka michoro yote mitatu sambamba juu ya meza. Nukta niliyoiita Vesta haikuwa imesogea hata unywele. Lakini nukta nyingine, ndogo ya pembeni, ambayo nilikuwa nimeichora kama nyota ya kawaida, ilikuwa imeruka kutoka upande mmoja wa jirani yake hadi upande wa pili. Nilikaa na yale makaratasi muda mrefu. Kwa usiku tano nilikuwa nikiitazama Vesta bila kuijua, na kilichonionyesha si jicho wala lenzi, ni mchoro.

Na si mimi wa kwanza. Tarehe 1 Januari 1801, huko Palermo katika kisiwa cha Sicilia, padri Giuseppe Piazzi alikuwa akipima mahali pa nyota kwa ajili ya orodha yake. Akaandika nukta moja katika kundi la Ng'ombe. Kesho yake akaipima tena, kama ilivyokuwa desturi yake, akakuta imehama. Usiku wa tatu imehama tena. Hiyo ndiyo Ceres, ya kwanza kabisa kugunduliwa katika ukanda ulioko kati ya Mirihi na Mshtarii, ambayo tangu 2006 imewekwa katika daraja la sayari kibete. Piazzi aliifuatilia hadi tarehe 11 Februari, akaugua, na Ceres ikapotelea kwenye mng'ao wa Jua. Kijana wa miaka 24 aitwaye Carl Friedrich Gauss akachukua vile vipimo vichache na kukokotoa njia yake, na tarehe 31 Desemba mwaka uleule ikapatikana tena, karibu na pale aliposema. Tazama alichokuwa nacho Piazzi: mahali, saa, na usiku zaidi ya mmoja. Vesta yenyewe iliibuliwa kwa uangalifu wa namna hiyo tarehe 29 Machi 1807 na daktari wa tiba wa Bremen, Heinrich Olbers, na jina lake akalitoa Gauss.

Nafasi yako inayofuata ni Oktoba 2026. Vesta hurudi mkabala na Jua kila baada ya siku 504 hivi, na safari hii itakuwa katika kundi la Nyangumi. Haitang'aa kama mwaka 2018, kwa sababu njia yake si duara kamili na safari hii itakuwa kwenye upande wake wa mbali, kama kilomita milioni 220 kutoka kwetu. Itegemee kuzidi kidogo magnitudi 6, yaani macho matupu hayataiona kwa urahisi, ila darubini ya 10x50 itaiona bila shida. Nyangumi ni eneo lenye nyota chache, tofauti na ule msongamano wa Mshale ulionichanganya mimi, hivyo Vesta huenda ikawa miongoni mwa nukta kumi zinazong'aa zaidi ndani ya duara unaloliona kwenye darubini. Na Mwezi utakuwa upande wako: hautaonekana kabisa tarehe 10 Oktoba na utapevuka tarehe 26. Kwa hiyo shika usiku wa kati ya tarehe 5 na 17.

Mwongozo wako utakuwa Zohali, ambayo nayo itakuwa mkabala na Jua tarehe 4 Oktoba. Hiyo huwezi kuikosa, nukta kubwa ya manjano hafifu isiyometameta. Jioni Zohali itatangulia kuchomoza mashariki, Vesta itafuata nyuma yake. Nyoosha mkono, kunja ngumi: Vesta itakuwa takribani ngumi moja na kitu kutoka Zohali, upande wa mashariki na kusini kidogo. Mahali kamili pa kila usiku utapata kwenye programu ya Stellarium, haina malipo. Andika "Vesta" kwenye sehemu ya kutafuta na uhakikishe umeweka Babati kama mahali pako.

Wenzetu wa Ulaya huiona asteroidi hii ikiwa imeinama upande mmoja wa anga. Wewe uliye digrii nne kusini ya ikweta utaipata karibu utosini ifikapo saa sita usiku na kitu, mahali ambapo hewa inayokutenganisha na anga ni nyembamba kuliko kwingine kote. Ubaya wake ni shingo. Usisimame. Tandika mkeka, weka mto, lala chali. Mikono ikianza kutetemeka, na itatetemeka, funga darubini kwenye mpini wa fagio kwa ukanda wa mpira wa tairi la baiskeli, na mpini uukite kwenye mkanda wa kiunoni. Utashangaa nyota zitakavyotulia. Zima kila taa nusu saa kabla ya kuanza. Tochi ya kuchorea ivalishe puto jekundu au kitambaa chekundu, na mwanga wa simu uupunguze hadi mwisho, kwani kuangalia simu mara moja tu kunaua nusu saa ya subira.

Mchoro wenyewe ni huu. Chukua bilauri yenye mdomo wa sentimita nane, ufinike kwenye karatasi, uzungushie penseli. Hilo ndilo duara la darubini yako. Kwenye mwili wa darubini tafuta maandishi ya upana wa duara. Nyingi za 10x50 zimeandikwa 6.5° au 114m/1000m, ambavyo ni kitu kimoja, upana wa Mwezi mpevu kumi na tatu zikipangwa mstari. Tulia bila kuisogeza darubini na uangalie nyota zinatorokea upande gani wa duara. Huko ndiko magharibi, utie alama. Kisha chora nukta kumi hadi kumi na tano zinazong'aa zaidi, nyota kubwa kwa nukta kubwa. Usichore kile unachokiona kwenye simu. Chora unachokiona angani, na ukimaliza ndipo ufungue simu kulinganisha. Ukifanya kinyume, mkono wako utachora matarajio yako, na ndivyo nilivyopotea mimi.

Kwa duara la sentimita nane, Vesta ya Oktoba itahama kama milimita tatu kila usiku. Ni kidogo, ndiyo maana nasema ruka usiku miwili kati ya mchoro na mchoro. Baada ya usiku tatu itakuwa milimita tisa, upana wa ukucha wa kidole cha mwisho, na hapo hata mwanafunzi asiyependa fizikia ataiona. Wape rula. Milimita 80 ni digrii 6.5, basi milimita 9 ni digrii ngapi, na kwa siku moja ni ngapi? Watapata karibu robo digrii kwa siku, yaani nusu ya upana wa Mwezi. Hicho ni kipimo chao wenyewe, hawakukinakili popote.

Watakuuliza pia mbona inaenda magharibi, ilhali sayari hulizunguka Jua kuelekea mashariki. Waambie wakumbuke basi la Singida. Linapompita mwendesha baiskeli pale Katesh, ukimtazama akiwa mbele ya Mlima Hanang, ataonekana kana kwamba anarudi nyuma, wakati anakanyaga pedali kwenda mbele kama ninyi. Dunia inakwenda kilomita 30 kwa sekunde, Vesta kama 19. Sisi ndio basi.

Kuna jambo dogo linaloharibu kazi za wengi katika nchi zetu, nalo ni saa. Tunaposema saa tatu usiku, simu inaandika 21:00, na wanaanga wa dunia nzima wanaandika 18:00 UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia. Ukitazama saa nane usiku wa kuamkia tarehe 14, kwa UTC bado ni tarehe 13, saa 23:00. Kipimo kizuri chenye tarehe ya makosa hakina thamani, kwa hiyo kwenye kila mchoro andika zote mbili, ya kwetu na ya UTC.

Ukizoea michoro, kamera itakupeleka mbali zaidi. Kamera yoyote inayokubali kuacha lenzi wazi kwa sekunde tano hadi nane, ikiwa imetulia juu ya miguu mitatu, itanasa nyota ambazo jicho halizioni. Piga eneo lilelile usiku miwili tofauti, kisha uzipishanishe picha kwenye skrini, hii, ile, hii, ile. Nyota zitatulia, nukta moja itarukaruka. Njia ya picha ilianza kuzaa matunda tarehe 22 Desemba 1891, mwanaanga Max Wolf wa Heidelberg, Ujerumani, alipoigundua asteroidi Brucia kwa sahani ya picha. Kabla yake watu walikuwa wakikesha na michoro kama yako. Kwa Ceres na Pallas, asteroidi nyingine kubwa, darubini ya mjomba bado itafaa zinapokuwa mkabala na Jua, ila anza na Vesta.

Kuhusu wanafunzi, kuna jambo nakuomba ulichukulie kwa uzito. Upo mpango uitwao International Astronomical Search Collaboration unaogawa picha halisi za anga kwa makundi ya shule bila malipo, zikiwemo za darubini za Pan-STARRS zilizoko Haleakalā, Hawaii. Kundi hupokea picha nne za sehemu moja zilizopigwa kwa kupishana dakika kadhaa, huzifungua kwa programu ya Astrometrica kwenye kompyuta ya Windows, na kuwinda nukta inayohama kwa mstari ulionyooka. Wakiipata wanatuma ripoti, na vipimo huishia Minor Planet Center huko Cambridge, Massachusetts, ambako ndiko kumbukumbu za asteroidi zote duniani zinatunzwa. Kompyuta moja ya shule na intaneti ya kupakua mafaili vinatosha. Lakini usianze na hilo. Mwanafunzi aliyelala kwenye mkeka na kuchora Vesta kwa mkono wake ataelewa mara moja anachotafuta kwenye picha zile nne, na asiyefanya hivyo atakuwa anabonyeza vitufe tu.

Majina ya kwetu yapo, tena si machache. Cyril Jackson, aliyefanya kazi katika kituo cha kutazama nyota cha Johannesburg, aligundua asteroidi nyingi miaka ya 1930 na kuzipa majina ya sehemu za Afrika. Namba 1278 ni Kenya na 1279 ni Uganda, zote za mwaka 1933. Mwaka 1937 zikafuata 1427 Ruvuma, 1428 Mombasa na 1429 Pemba. Ziko katika ukanda uleule wa Vesta. Ni hafifu mno kwa darubini ya mkononi, lakini kwenye Stellarium, ukiongeza orodha ya asteroidi ndogo, unaweza kuwaonyesha watoto mahali Ruvuma ilipo usiku huo, wainue macho walitazame eneo hilo la anga.

Ukishaipata Vesta, usiiache baada ya tarehe 17. Mvua za vuli zitakuibia usiku kadhaa, lakini mchoro mmoja kwa wiki unatosha. Kuelekea mwisho wa Novemba utaona zile milimita tatu zinapungua, mbili, moja, kisha nukta itasimama kabisa. Mwezi utakuwa mpevu tarehe 24, hivyo huenda usiione siku yenyewe ya kusimama. Rudi mwanzoni mwa Desemba, giza likisharudi. Bandika michoro yote kwenye ukuta wa darasa kwa kufuatana, uunganishe nukta za Vesta kwa uzi, na uzi huo utapiga kona na kuanza kurudi mashariki.